Barua ya wazi: Mwajiri ndiye mwenye karatasi, mfanyakazi ndiye anayeulizwa

Kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira,
Kwa Bodi ya Wadhamini ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF),
Nakala kwa Kamishna wa Kazi.

YAH: FAO LA UPOTEVU WA AJIRA

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia kutoka Njombe. Kwa miaka tisa nimefanya kazi ya takwimu kwenye miradi ya Ukimwi. Nilianza kama karani wa kuingiza taarifa kwenye kliniki za CTC, zile za huduma na dawa za VVU, nikaishia kuwa mratibu wa takwimu wa wilaya. Mkoa wetu mnaufahamu kwa namba: utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta 12.7% ya watu wazima hapa wanaishi na VVU, wakati kitaifa ni 4.4%. Kwa hiyo miradi ilijazana huku, na ajira zikaja nayo: wauguzi, washauri nasaha, madereva, wahasibu, makarani, walinzi. Watu wamejenga, wamesomesha, wamekopa SACCOS, wote kwa kutegemea mkataba wa mwaka mmoja mmoja.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku chache baadaye barua za kusimamisha shughuli zikaanza kushuka. Tarehe 10 Machi Waziri wao wa Mambo ya Nje akatangaza kwamba 83% ya programu za USAID, shirika lao la misaada, zimefutwa, na ilipofika 1 Julai USAID yenyewe ikaacha kuendesha misaada. Hayo hayamo katika uwezo wenu, wala sikuwaandikia kulilia fedha za wenyewe. Nimewaandikia kuhusu fedha zetu. Kila mwezi, 20% ya mshahara wa kila mmoja wetu ilitakiwa kwenda Mfukoni, sehemu ikitoka kwa mwajiri na sehemu ikikatwa kwetu kabla hatujaiona. Miongoni mwa mambo tuliyoahidiwa kwa makato hayo ni kwamba siku kazi ikiondoka, kutakuwa na kitu cha kushikilia.

Tangu mabadiliko ya sheria ya 2018 kitu hicho kina jina: fao la upotevu wa ajira. Masharti yake ni mepesi kuyasoma. Uwe raia wa Tanzania, uwe umechangia angalau miezi 18, uwe hujafika miaka 55, usiwe umeacha kazi kwa hiari yako, na usiwe umepata ajira nyingine. Ukitimiza, unalipwa 33.3% ya mshahara kila mwezi kwa miezi sita. Aliyechangia chini ya miezi 18 hapewi malipo hayo ya kila mwezi. Hupewa nusu ya michango yake kwa mara moja. Najua kanuni zimewatenganisha wenye taaluma na wasio na taaluma, na wenzetu wa mashambani na wa msimu wana maneno yao ya kusema. Mimi nasemea kundi langu.

Uraia wangu naweza kuuthibitisha kwa kitambulisho cha NIDA, na miaka yangu vilevile. Lakini miezi niliyochangia inategemea kama mwajiri alipeleka alichonikata. Na sababu ya mimi kuwa nje ya kazi inategemea mwajiri aliamua kuandika nini kwenye barua. Haya mawili ndiyo yanayoamua kama utalipwa au hutalipwa, na yote mawili yako kwenye kabati la mtu ambaye hana tena haja na wewe. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nianze na barua, maana hapo ndipo watu wengi walipoangukia.

Katika mradi mmoja nilioufahamu kwa karibu, wafanyakazi waliitwa kwenye kikao cha mtandaoni asubuhi, na hadi jioni kila mtu alikuwa na karatasi yake kwenye barua pepe. Mshauri nasaha mmoja, dada ambaye tumefanya naye kazi kwenye vituo vya Makambako, alipata barua iliyoanza hivi: "Kwa makubaliano ya hiari ya pande zote mbili, mkataba wako wa ajira unasitishwa." Hakukuwa na makubaliano yoyote. Kulikuwa na nafasi ya saini chini ya ukurasa, na maelezo kwamba mshahara wa mwezi huo na malipo ya likizo yatashughulikiwa karatasi ikirudi imesainiwa. Ilikuwa msimu wa ada. Alisaini.

Dereva wao aliambiwa kwa simu aandike mwenyewe barua ya kuacha kazi. Sababu aliyopewa ilikuwa ya huruma kabisa: ukija kuomba kazi kwingine, ni afadhali wakuone umeondoka mwenyewe kuliko wakuone umepunguzwa, na sisi tutakupa barua nzuri ya utambulisho. Naye akaandika, tena kwa mkono, kwenye karatasi ya mistari, akaipiga picha na kuituma WhatsApp. Muuguzi wa timu hiyohiyo akaandikiwa kwamba mkataba wake "umefikia ukomo", ilhali ulikuwa uishe 30 Septemba na hata Machi ilikuwa haijafika.

Ofisi ni moja, wiki ni moja, sababu ni moja, barua ni tatu. Kwa fao hili hao ni watu watatu tofauti kabisa. Muuguzi ana nafasi nzuri. Dada mshauri ataulizwa "hiari" hiyo ilikuwa ya nani. Dereva, ukisoma karatasi yake peke yake, hana haki yoyote, kwa sababu ameandika kwa mwandiko wake kwamba anaacha kazi. Kumtaka mtu wa namna hii alete uthibitisho kutoka kwa aliyemwachisha ni kama kumwambia aliyeibiwa alete saini ya mwizi.

Mtasema wangekataa kusaini. Waheshimiwa, mimi nimekaa na hao watu. Mtu ambaye amekwishakuambia kwamba mshahara wako wa mwisho uko chini ya karatasi hii, na wewe una mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada, kukataa kunataka moyo ambao sheria haipaswi kuutegemea. Isitoshe wengi wao walikuwa hawajui kabisa kwamba maneno mawili ndani ya barua yanaweza kuwanyima miezi sita ya malipo. Nani aliwaambia? Kwenye semina za Mfuko maofisini tulifundishwa kuhusu pensheni, fao la uzazi, namna ya kuangalia salio kwenye simu. Sikumbuki mtu akitufundisha kusoma barua ya kuachishwa.

Kinachoniudhi ni kwamba sheria zetu zenyewe zinalijua jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 36, inasema wazi kwamba kuachishwa kazi ni pamoja na pale mfanyakazi anapoacha kwa sababu mwajiri amemfanya asiweze kuendelea kuvumilia, na pale mkataba wa muda maalumu unapokosa kuhuishwa wakati mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba ungehuishwa. Bunge liliyaona haya miaka zaidi ya 20 iliyopita. Mwanasheria wa kazi akiisoma barua ya yule dereva atauliza iliandikwaje, nani alimwambia, chini ya shinikizo gani. Mtu wa mafao akiisoma barua hiyohiyo atasoma kilichoandikwa. Simlaumu, ndivyo masharti yalivyomkalisha. Lakini haiwezekani nchi moja iwe na maana mbili za kuacha kazi, moja kwa ajili ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na nyingine kwa ajili ya mafao.

Na hiyo Tume, CMA, ina saa yake inayokimbia. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali unatakiwa ufunguliwe ndani ya siku 30. Ukichelewa, unaanza na maombi ya kuongezewa muda, ambayo nayo ni kesi kabla ya kesi. Sasa tazameni mfanyakazi anavyobanwa. Anakwenda kwa mwajiri kuomba barua irekebishwe ili apate fao. Anaambiwa subiri, makao makuu hayajajibu, aliyekuwa afisa rasilimali watu naye amepunguzwa. Anasubiri kwa adabu kwa sababu hataki kumuudhi mtu ambaye bado anahitaji muhuri wake. Siku 30 zinapita. Hapo amepoteza njia ya CMA, na barua bado ni ileile. Mtaani kuna na maneno kwamba ukifungua madai ya fao utakuwa umekubali kuachishwa, kwa hiyo kuna wanaokaa bila kufungua lolote. Neno moja la maandishi kutoka kwenu lingeyaondoa maneno hayo, na sijaona sababu ya kutolitoa.

Kuna kundi ambalo hata barua halikupata. Wakati wa zile siku 90, baadhi ya mashirika yaliwapeleka watu wao likizo bila malipo. Kwa karatasi bado umeajiriwa. Kwa mfuko wa suruali huna kazi. Mwezi wa Februari hakuna mshahara, kwa hiyo hakuna makato wala mchango. Machi vilevile. Barua ya kuachishwa inakuja Aprili au Mei. Mtu huyu akifika kudai, rekodi yake ya karibuni kabisa ni sifuri. Hapa naomba kanuni iandikwe bila kuacha tundu: kipimo cha 33.3% kiwe mshahara kamili wa mwisho aliokuwa akiulipiwa michango kabla ya kusimamishwa, na muda wa likizo ya lazima isiyo na malipo uhesabiwe kama upotevu wa ajira ukizidi mwezi mmoja. Mwajiri asiyelipa na asiyeachisha anamweka mtu njia panda: hawezi kudai fao, hawezi kwenda CMA, na hawezi kusaini mkataba mwingine bila kuogopa kwamba atahesabiwa ameacha mwenyewe.

Nije kwenye michango. Sheria inamtaka mwajiri apeleke mchango wa mwezi ndani ya mwezi unaofuata, na inampa Mfuko mamlaka ya kumdai na kumshitaki asiyepeleka, pamoja na adhabu ya kuchelewesha. Mfanyakazi hana mamlaka hata moja kati ya hayo. Alicho nacho ni karatasi ya mshahara inayoonyesha kwamba alikatwa. Mimi nimefanya kazi kwa waajiri zaidi ya mmoja, na kwa mmoja wao taarifa yangu ya michango ina miezi mitupu katikati, ilhali karatasi zangu za mshahara za miezi hiyohiyo zinaonyesha makato. Kwangu mimi mwenye miaka mingi haijaniondoa kwenye sifa. Kwa kijana aliyeingia mradini miezi 20 iliyopita, ikikosekana miezi mitatu tu ameshuka chini ya 18, na amehama kutoka kwenye kundi la kulipwa miezi sita hadi kundi la kupewa nusu ya michango yake na kuagana.

Kijana huyo hakufanya kosa lolote. Fedha ilitoka kwake. Aliyetakiwa kuipeleka hakuipeleka, na aliyetakiwa kuidai hakuidai kwa wakati. Anayelipa gharama ni yeye. Karatasi ya mshahara yenye makato inapaswa kutosha kuhesabu mwezi kwa ajili ya sifa ya fao hili. Mfuko umlipe, kisha umfuate mwajiri kwa nguvu ulizopewa na sheria. Najua mtasema karatasi za mshahara zinaweza kughushiwa. Zinaweza. Lakini benki ina kumbukumbu za mshahara ulioingia, na mwajiri ana orodha za mishahara anazopeleka TRA kwa ajili ya PAYE. Serikali hiyohiyo inayojua kodi yangu ya Agosti haiwezi kuniambia haijui kama Agosti nilikuwa kazini.

Waheshimiwa, ili mwelewe kwa nini watu wana hasira kuliko ukubwa wa fao lenyewe, nipeni nafasi nipige hesabu ya mtu wa mshahara wa 900,000. Mchango wake wa mwezi ni 180,000. Akikaa kazini miaka tisa bila nyongeza, jumla ni 19,440,000. Fao lake ni karibu 300,000 kwa mwezi, miezi sita, yaani kama 1,800,000. Zilizobaki zinamsubiri uzeeni. Mimi binafsi sina ugomvi na hilo, na hapa najua nitatofautiana na wenzangu wengi. Fao la kujitoa, lile la zamani la kuchukua chote ukiacha kazi, limewaacha wazee wengi bila kitu. Nimeona watu wakilichukua, wakanunua gari la biashara, na miaka miwili baadaye hawana gari wala michango. Lakini mwaka 2012, ilipotangazwa kwamba kujitoa kumesitishwa hadi miaka 55, wafanyakazi, hasa wa migodini, walipaza sauti mpaka Serikali ikarudi nyuma. Walifanya hivyo kwa sababu waliambiwa wasubiri bila kupewa cha kuwavusha. Mwaka 2018 mkaleta cha kuwavusha. Mkitaka watu wakubali kwamba 17,000,000 na ushei zikae mpaka uzeeni, basi ile 1,800,000 haiwezi kuwa ya kubembeleza. Ikichelewa, ikikwama kwa neno "hiari" kwenye barua, mtu anarudi palepale pa 2012: nipeni changu chote niondoke. Na safari hiyo atakuwa na hoja.

Sharti la kutopata ajira nyingine nalo linahitaji kuangaliwa na mtu anayejua maisha ya huku yalivyo. Njombe ni mkoa wa viazi, chai, mbao na parachichi. Msimu wa parachichi ukifika, kuna vibarua vya kuchuma na kupanga matunda kwenye makreti, unalipwa kwa siku au kwa kreti. Muuguzi aliyepoteza kazi akienda kupanga parachichi wiki tatu ili anunue unga na alipe umeme, amepata ajira nyingine? Mwenye akili timamu atasema hapana. Lakini kwa kuwa haijaandikwa, watu wanakwenda kwa kujificha, au hawaendi kabisa wakihofia kwamba mtu atawapiga picha. Nimemsikia mtu akikataa kufundisha masomo ya jioni kwa sababu hiyo. Mnataka mtu akae nyumbani kwa heshima ya 33.3%? Wekeni kiwango: kipato cha kibarua kisichofikia kima cha chini cha mshahara wa sekta husika kisiguse fao. Akipata mkataba wa kweli, mwajiri mpya ataanza kumlipia michango na mtamwona wenyewe kwenye mfumo.

Wenye miaka 55 na kuendelea nawataja kwa haraka, maana suala lao linastahili barua yake. Pensheni inataka miezi 180 ya michango, yaani miaka 15. Mtunza stoo wa miaka 56 mwenye miaka tisa ya michango yuko nje ya fao hili kwa sababu ya umri, na yuko nje ya pensheni kwa sababu ya miezi. Anabaki na malipo ya mkupuo, na soko la ajira ambalo halimtaki.

Kuna hata wasio na cha kudai. Kwenye kila kliniki ya CTC kulikuwa na WAVIU washauri, watu wanaoishi na VVU wenyewe, ambao kazi yao ilikuwa kumfuata aliyeacha dawa, kukaa naye, kumrudisha kliniki. Ukiniuliza mimi mwenye takwimu, ndio walioshikilia namba zote tulizokuwa tunajivunia kwenye ripoti. Walilipwa posho. Posho haina makato, haina mwajiri, haina barua. Miradi ilipofungwa, hakuna aliyewaachisha kwa sababu kwenye karatasi hakuna aliyekuwa amewaajiri. Mtu amekuja kazini siku tano kwa wiki kwa miaka sita, ana zamu, ana msimamizi, anasaini daftari la mahudhurio, na bado anaitwa wa kujitolea. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 ina kifungu cha 61 kinachosema mtu wa aina hiyo achukuliwe kuwa mfanyakazi: anafanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya taasisi, anategemea kipato hicho. Kamishna wa Kazi, hili ni lako. Wakaguzi wako waliingia kwenye mashirika haya mara ngapi kuuliza wanaolipwa posho ni akina nani?

Sasa niseme kuhusu kazi ya kufanya, na sitaki ionekane ni ndoto, kwa hiyo nitaanza na nchi ambayo inafanya.

Afrika Kusini wana Mfuko wa Bima ya Ukosefu wa Ajira, UIF, chini ya sheria ya 2001. Mfanyakazi anachangia 1%, mwajiri 1%. Nao pia hawamlipi aliyeacha kazi mwenyewe. Lakini kwanza, sheria yao imeorodhesha waziwazi kwamba kuisha kwa mkataba wa muda maalumu kunampa mtu haki ya kudai, na kwamba kuachishwa kunachukua maana ileile iliyomo kwenye sheria yao ya mahusiano kazini, pamoja na mtu aliyelazimishwa kuacha. Pili, mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya mabadiliko ya wafanyakazi wake kabla ya tarehe 7 ya kila mwezi unaofuata. Anayo fomu, UI-19, yenye jina la mfanyakazi, mshahara, tarehe ya kuanza na kuisha, na sababu ya kuondoka ikiwa imeandikwa kwa namba kutoka kwenye orodha iliyochapishwa. Mfumo wao una matatizo yake, na Wasouth wenyewe wanaulalamikia mchana na usiku. Ila swali la "uliondokaje" linaanzia kwa mwajiri, si kwa anayedai.

Naomba tufanye hivyo. Mwajiri tayari anaingia kwenye mfumo wa Mfuko kila mwezi kupeleka michango. Mwezi ambao jina langu linatoka kwenye orodha yake, mfumo umzuie kuendelea mpaka achague sababu: amepunguzwa, mkataba umeisha, nidhamu, ameacha mwenyewe, makubaliano, mradi umefungwa. Papohapo mimi nipate ujumbe kwenye simu unaoniambia mwajiri wako ametaja sababu hii, una siku 14 za kupinga. Nikipinga, apewe siku 14 kuleta ushahidi. Asipoleta, maelezo yangu ndiyo yasimame na fao lianze kulipwa. Anayechagua "ameacha mwenyewe" kwa watu 40 wa mradi mmoja katika wiki moja, mfumo umwonyeshe kwa afisa kazi wa mkoa bila mtu yeyote kulazimika kulalamika. Nimefanya kazi ya takwimu miaka tisa. Kitu hicho si kigumu kukiunda.

Na pale neno "makubaliano" litakapochaguliwa, lisihesabiwe kuwa hiari mpaka mfanyakazi mwenyewe athibitishe kwamba alikuwa huru kukataa na kwamba mshahara wake wa mwisho haukufungwa kwenye saini hiyo. Kufunga mshahara uliokwisha kufanyiwa kazi kwenye saini ya kuondoka kutajwe kwa jina kwenye kanuni kuwa kosa. Nasema kwa jina kwa sababu waajiri wetu wengi ni waoga wa karatasi: kitu kikiandikwa, wanakiacha.

Fao nalo liwe na tarehe. Ikiwa mfanyakazi ana siku 30 za kufika CMA, Mfuko nao uwe na siku zake za kujibu maombi, zikibandikwa ukutani na kuandikwa kwenye stakabadhi anayopewa anayedai. Miezi sita ya kulipwa ina maana ikianza wakati mtu bado anaishi kwenye nyumba anayodaiwa kodi, si baada ya kurudi kwa wazazi.

Haya yote hayahitaji kuongeza mchango hata kwa senti. Mengine hayahitaji kupitia Bungeni. Waraka kwa waajiri na marekebisho ya kanuni yanatosha. Lakini lile la kuoanisha maana ya kuachishwa kazi kati ya sheria mbili linataka sheria, na ningependa kulisikia kwenye muswada wa marekebisho unaofuata.

Wenzangu wamenikataza nisiandike kwa jina nikiwa bado natafuta kazi, na nimewasikiliza. Karatasi ninazozizungumzia hapa ninazo, pamoja na za walioniruhusu, majina yakiwa yamefutwa. Ofisi yoyote itakayotaka kuzipitia kabla ya kuandika kanuni mpya nitazipeleka mwenyewe, Dodoma au Dar es Salaam. Na kwa kuwa barua hii ni ya wazi, naomba jibu nalo liwe la wazi, ili dereva na mshauri nasaha walisome bila kulazimika kuuliza kwangu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Aliyekuwa mratibu wa takwimu,
Njombe